Jimbo la Ng'ambo, Unguja: Kura Moja na Miaka Thelathini Nyuma Yake

Jimbo la Ng'ambo lilipigiwa kura mara moja tu. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 21 Julai 1957, na mjumbe aliyetoka humo ni Abeid Amani Karume. Ulipofika uchaguzi wa pili, Januari 1961, ramani ilikuwa imekwisha chorwa upya na Ng'ambo imekatwa vijimbo. Ukilitafuta jimbo hili katika vitabu vya historia ya Zanzibar, mara nyingi utalikuta limepewa mstari mmoja au miwili: Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani, basi. Msimulizi anaruka hapo kwenda kwenye misukosuko ya 1961 na Mapinduzi ya 1964.

Mruko huo unatunyima mengi. Naamini kura ya Ng'ambo ilianza kutayarishwa kiasi cha miaka thelathini kabla ya sanduku lenyewe kuwekwa mezani, na waliotayarisha walikuwa wapangaji wa viwanja, wachukuzi wa bandarini, mafundi, wachuuzi na wanawake wenye nyumba zao. Wengi wa watu hao, siku ya siku, hawakuruhusiwa kuingia kituoni.

Kwanza mahali penyewe. Mji wa Unguja ulianzia kwenye rasi ya Shangani, na upande wake wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari uliojaa na kukupwa kila siku. Daraja lililojengwa mwaka 1838 ndilo lililounganisha pande mbili za maji hayo, pale Darajani. Magharibi ya maji zilisimama nyumba za mawe za matajiri, maofisi, balozi za nje na jumba la Sultani. Mashariki yake palikuwa na nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, mtaa ukizaa mtaa: Miembeni, Kikwajuni, Kisiwandui, Mchangani, Vikokotoni, Mlandege, Mwembetanga, Gulioni. Walikaa humo watumwa na watumwa walioachwa huru, Wangazija, Wamanyema, Washihiri, Wamanga wasio na kitu, Wahindi wenye viduka vya rejareja, na Waswahili waliotoka shamba kutafuta riziki ya mjini. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ilipoiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria, wengi waliotoka kwenye mashamba ya karafuu walikuja kuanzia maisha hapo. Mtu aliyeitwa mtumwa wa fulani shamba alifika Ng'ambo akajenga, akaoa, akajiunga na chama cha ngoma na kuswali msikiti wa mtaa, na watoto wake wakakua wakijiita Waswahili, Wazanzibari, Washirazi au Waafrika, kadiri nyakati zilivyokwenda.

Wakoloni Waingereza walipochukua madaraka waliukuta mpaka huo wa maji, wakauandikia kanuni. Upande wa mawe ulipata sheria zake za ujenzi, taa na mifereji. Upande wa udongo ulihesabiwa kuwa makaazi ya wenyeji, na huduma zake zikaja kwa kuchelewa na kwa uchache. Mwaka 1923 mpangaji miji H. V. Lanchester alichapisha mpango wake wa mji wa Zanzibar. Katika miongo iliyofuata maji ya Darajani yakafukiwa kidogo kidogo, hadi miaka ya 1950 pakawa ni ardhi kavu na barabara. Maji yaliondoka, mpaka ukabaki. Ndiyo maana mwaka 1956 walipokaa kuugawa mji majimbo mawili hawakuhitaji kufikiri sana: Mji Mkongwe jimbo moja, Ng'ambo jimbo jingine.

Sasa twende kwenye viwanja, maana hapa ndipo siasa za Ng'ambo zilipoota mizizi. Mtu wa Ng'ambo alikuwa na nyumba yake, lakini ardhi iliyokuwa chini ya nyumba hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri, au ya wakfu, au ya Serikali. Kwa muda mrefu jambo hili halikumsumbua mtu sana. Wenye ardhi wengi waliwaacha watu wakae bure au kwa malipo madogo, kwa desturi ya ubwana na ufuasi: mwenye kiwanja alipata watu wa kumsindikiza, kumpigia shughuli na kumhesabu kuwa mkubwa wao. Mji ulipokua na ardhi ikaanza kutazamwa kama mali ya kuingiza fedha, desturi hiyo ikageuka. Kodi ya kiwanja ikaanza kudaiwa, kisha ikapandishwa, kisha ikapandishwa tena. Familia iliyojenga kwa jasho la miaka ikajikuta inaweza kufukuzwa juu ya mchanga wake.

Mnamo 1927 na 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Hapakuwa na chama cha siasa, hapakuwa na mjumbe wa Kiafrika katika Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa mwaka 1926, hapakuwa na kura. Palikuwa na misikiti, vyama vya ngoma, baraza za nyumba na sauti za watu mitaani. Maneno yalipita humo, mtaa kwa mtaa, kwamba asilipe mtu. Khuda Baksh, aliyetajwa mno katika kadhia hiyo, alikuwa mtu wa asili ya Kihindi, na hilo peke yake lingetosha kumzindua mtu anayedhani kwamba Ng'ambo ilijipanga kwa rangi tangu azali. Wanawake walikuwamo tele, kwa sababu wanawake walikuwa miongoni mwa wenye nyumba. Mjane au mwanamke aliyeachwa, aliyejijengea kibanda na kupangisha chumba kimoja au viwili, aliiona kodi ya kiwanja ikimtoa riziki mkononi. Watu walikamatwa, umati ukawafuata waliokamatwa, na Serikali mwishowe ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo.

Ushindi huo ulikuwa mdogo kwa maandishi, lakini mkubwa kwa watu. Walijifunza kwamba wakishikana, Serikali inasikia. Mwaka huohuo wa 1928, Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka Fumba akahamia Ng'ambo, alisafiri hadi Bombay kurikodi santuri za kwanza za taarabu ya Kiswahili. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Mtaa uliomlea Siti, ambapo watu walikaa usiku kusikiliza nyimbo za Kiswahili zikisema mambo ya mahakamani, ya matajiri na ya madhila ya wanyonge, ndio mtaa uliogoma. Siti alifariki mwaka 1950, miaka saba kabla ya uchaguzi, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Angekuwa hai mwaka 1957 asingeandikishwa kupiga kura, pamoja na umaarufu wake wote.

Chombo cha kuwasemea Waafrika kilikuja baada ya mgomo ule wa kodi: Jumuiya ya Waafrika, yaani African Association, ilianzishwa mwaka 1934. Mwaka 1948 mgomo mwingine ukaja, wa wachukuzi wa bandarini, ulioanza mwezi wa Agosti na kuenea mjini. Abbas Othman alitajwa kuwa kiongozi wake. Meli zilikaa bila kupakuliwa, na watumishi wengine wakaacha kazi kuwaunga mkono wachukuzi. Wengi wa wachukuzi hao walikuwa watu wa bara, na walilala Ng'ambo. Waliporudi kazini walirudi na nyongeza ya malipo. Kuanzia hapo bandari na Ng'ambo vilikuwa kitu kimoja katika hesabu za Serikali, kila likitokea jambo.

Serikali nayo haikukaa kimya. Miaka ya 1940 ilijenga kituo cha jamii pale Raha Leo, katikati ya Ng'ambo, penye ukumbi wa mikutano na burudani. Mwaka 1951 Sauti ya Unguja ikaanza kurusha matangazo, na kituo hicho cha redio nacho kikawa Raha Leo. Nia ilikuwa njema kwa namna yake: kuwapa watu wa Ng'ambo mahali pa kukutania na kuwafundisha uraia. Kwamba ukumbi na mtambo wa redio siku moja vitakuja kutumika kwa shabaha nyingine kabisa, hakuna aliyeliwaza. Tutarudi hapo.

Karume alitoka katika mazingira haya. Alikuwa baharia kwa miaka mingi, akaona bandari za dunia, kisha akarudi Unguja na kuongoza ushirika wa wenye mashua za kuchukua abiria kati ya meli na pwani. Kwa mtu asiyepata elimu kubwa ya darasani, hiyo ilikuwa shule ya kupanga watu, kugawa mapato, kusuluhisha ugomvi na kuzungumza na wakubwa wa bandari. Mwaka 1954 aliingia baraza la mji. Watu wa Ng'ambo walimjua kwa sura, kwa sauti na kwa mambo aliyowafanyia, kabla hawajamjua kwa chama.

Uchaguzi wenyewe ulizaliwa na mvutano wa upande mwingine. Mwaka 1954 wahariri wa gazeti la Al-Falaq la Jumuiya ya Waarabu walishtakiwa kwa uchochezi, na wajumbe wa Kiarabu wakasusia Baraza la Kutunga Sheria. Walidai uchaguzi wa daftari moja la wapiga kura, bila kutenga viti kwa makabila. Mjumbe mmoja aliyevunja mgomo huo, Sultan Mugheiri, aliuawa Novemba 1955. Desemba mwaka huohuo kikaundwa chama cha Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu. Serikali ya Kiingereza ikamwita Walter Coutts, ofisa aliyekwisha kuandika ripoti ya namna ya kuwachagua wajumbe wa Kiafrika nchini Kenya, aje apime namna ya kufanya uchaguzi Zanzibar. Ripoti yake ya 1956 ilikubali daftari moja. Viti vya kuchaguliwa vikawa sita: viwili vya mjini, viwili vya shamba Unguja, viwili vya Pemba.

Viti sita ni vichache, na vilikuwa sehemu ndogo ya Baraza lililokuwa bado mikononi mwa Serikali. Watu walivitazama kwa jicho jingine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa kawaida kuulizwa.

Aliyeulizwa lakini ni nani? Mpiga kura alitakiwa awe mwanamume, raia wa Sultani, aliyetimiza miaka 25, na kulikuwa na masharti ya mali au kipato na ya kusoma na kuandika. Chuja watu wa Ng'ambo kwa masharti hayo uone wanaobaki. Mchukuzi aliyezaliwa bara, akagoma mwaka 1948, akalala jela au akalala njaa, anatoka. Kijana wa miaka 22 anayepeleka barua za chama mtaa kwa mtaa anatoka. Mwanamke mwenye nyumba Miembeni, aliyekataa kulipa kodi ya kiwanja mwaka 1928 na mwenye hati ya nyumba yake sandukuni, anatoka, na mpangaji wake wa kiume anaingia. Hili ndilo linaloniuma zaidi kila ninaposoma masharti yale. Mwanamke wa Ng'ambo alikuwa na mali, alikuwa na rai, alikuwa na historia ya kupigania mtaa wake, na sheria ikamhesabu si mtu wa kuulizwa. Wanawake walipata kura kwa uchaguzi wa Januari 1961, wakati Jimbo la Ng'ambo lilikuwa limekwisha futika. Hakuna mwanamke aliyewahi kupiga kura katika jimbo hilo.

Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana kuunda Afro-Shirazi Union, baada ya ushawishi ambao Julius Nyerere alishiriki. Muungano wenyewe ulikuwa na nyufa, hasa Pemba, lakini Ng'ambo haukuwa na shaka kuhusu mgombea. Hizbu kilikuwa na kazi ngumu zaidi. Chama hicho kilisema ni cha Wazanzibari wote, cha raia wa Sultani bila kujali asili, na wapinzani wake walikiita chama cha Waarabu. Njia ya kuthibitisha dai lake ilikuwa kwenda kuomba kura mahali pagumu. Ndipo Sheikh Ali Muhsin, kiongozi wake mkubwa, msomi wa Makerere na mhariri wa gazeti la Mwongozi, aliposimama Ng'ambo kukabiliana na Karume uso kwa uso. Nauhesabu uamuzi ule kuwa wa kishujaa na wa kukosea hesabu kwa wakati mmoja. Mtu wa tatu alikuwa Ibuni Saleh, Mngazija aliyewahi kuandika kitabu kifupi juu ya historia ya Wangazija wa Zanzibar, naye alisimama peke yake bila chama.

Kampeni ilikuwa ya maneno. Upande mmoja magazeti ya Hizbu na ufasaha wa Ali Muhsin, aliyejua kuifunga hotuba kwa aya na kwa hoja. Upande mwingine gazeti la Afrika Kwetu na mikutano ya mtaani ambako Karume alisema kwa mafumbo na misemo ya watu wa kazi. Kisha wapinzani wa Karume wakafanya jambo ambalo nadhani lilimsaidia kuliko kitu chochote alichofanya yeye mwenyewe: walipinga mahakamani haki yake ya kuandikishwa, wakidai hakuzaliwa Zanzibar. Madai yao yalishindwa. Ng'ambo iliitazama kesi ile na kujiona yenyewe kizimbani. Nani katika mitaa ile asingeweza kuulizwa, ukifika wakati, babu yako alitoka wapi? Aliyejenga Kisiwandui miaka arubaini na bado anaitwa mgeni alielewa kesi hiyo bila kufafanuliwa.

Matokeo yalikuwa haya: Karume kura 3,328, Ali Muhsin 918, Ibuni Saleh 55.

Watu walizoea kuyasoma matokeo hayo kama ushindi wa Waafrika dhidi ya Waarabu. Tafsiri hiyo ina ukweli wake, maana siasa za asili zilikuwa zimekwisha kukolea. Lakini hizo kura 918 haziwezi kuelezwa hivyo. Hapakuwa na Waarabu wapiga kura wengi kiasi hicho Ng'ambo pasipo Wangazija, Waswahili na Washirazi kumpigia Ali Muhsin pia. Chama chake kiliungwa mkono na watu wa asili mbalimbali waliokuwa na imani naye, na kwa dini, kwa usomi au kwa undugu walimwona ndiye. Na kura 3,328 hazikutoka kwa kundi moja lililofungwa kamba. Zilitoka kwa wenye vibanda, wavuvi, mafundi viatu, madereva, watumishi wa maofisini, watu wa asili nyingi walioshirikiana jambo moja: wote walikaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na wote walijua foleni ya maji mferejini. Ndiyo kisa nikasema kura ile ilianza mwaka 1928.

Linganisha na jirani yao. Katika Jimbo la Mji Mkongwe, hatua chache tu kuvuka barabara iliyojengwa juu ya maji ya zamani, kiti kilikwenda kwa Sher Mohamed Chowdhary wa Jumuiya ya Waislamu wa Kihindi. Kule wapiga kura walikuwa wachache mno kuliko Ng'ambo, na ushindani ulikuwa wa jumuiya za Wahindi zaidi kuliko wa vyama vikubwa. Kiti kimoja kwa huku, kiti kimoja kwa kule. Hizbu hakikupata kiti hata kimoja kati ya sita.

Sasa kuna hesabu ambayo ningependa wanafunzi wetu wa historia waifanye wenyewe. Ili kumshinda Ali Muhsin, Karume alihitaji kura 919. Kura nyingine 2,409 hazikumwongezea hata nusu ya kiti. Mwaka 1957 jambo hili halikumsumbua mtu, kwa sababu ushindi ulikuwa mtamu. Lakini ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na mkasa wote wa miaka sita iliyofuata. Afro-Shirazi, iliyogeuka kuwa Afro-Shirazi Party, ilikuwa na nguvu kubwa mno katika mahali pachache, na katika mfumo wa jimbo moja mjumbe mmoja, nguvu zilizorundikana hupotea.

Kati ya 1957 na 1961 mitaa iliharibika. Wazee wanaziita zama za siasa, na wakizitaja hukunja uso. Mwaka 1958 Afro-Shirazi walisusia maduka ya wafuasi wa Hizbu, wenye mashamba wa upande wa Hizbu wakawaondoa wakulima waliokaa kwenye ardhi yao, na jirani akaacha kuhudhuria maziko ya jirani. Ng'ambo, ambako mlango hutazamana na mlango, ugomvi huo haukuwa na pa kujificha. Viongozi wa PAFMECA, jumuiya ya vyama vya ukombozi iliyoundwa Mwanza Septemba 1958, walijaribu kuvipatanisha vyama viwili, na kwa muda pakawa na kamati ya pamoja. Haikudumu. Mwishoni mwa 1959 Mohammed Shamte, Ali Sharif na Ameri Tajo, waliokuwa wajumbe wa kuchaguliwa wa mwaka 1957, walijitenga na Afro-Shirazi na kuunda Zanzibar and Pemba People's Party.

Kisha akaja Sir Hilary Blood mwaka 1960 kupendekeza katiba na majimbo mapya. Viti vya kuchaguliwa vikawa 22. Ng'ambo ikagawanywa majimbo kadhaa yaliyofuata mitaa yake, na Mji Mkongwe, pamoja na uchache wa watu wake, ukapata viti viwili. Hivyo ndivyo jimbo letu lilivyokufa: bila hafla wala malalamiko makubwa, kwa kalamu ya mchora mipaka. Kwa mtu wa Miembeni au Kikwajuni ilikuwa ni hatua mbele, maana sehemu yake ya mji sasa ilikuwa na wajumbe wengi badala ya mmoja. Lakini ile hesabu ya kura zinazofurika haikuondoka, ilihamia kwenye kila kijimbo.

Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, chama cha Shamte 3, na kiti cha Chake Chake kikaamuliwa kwa kura moja. Watatu wa Shamte wakagawanyika, pande mbili zikawa sawasawa, serikali haikuundika. Kiti cha 23 kikaongezwa, uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni 1961, na siku hiyohiyo fujo zilianza mjini kwenye vituo vya kura zikasambaa hadi mashamba. Watu 68 waliuawa kwa hesabu ya Serikali, wengi wao Waarabu wa mashamba. Julai 1963, katika viti 31, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote na viti 13 tu, na Hizbu pamoja na washirika wake wakapata 18 na kuunda serikali ya uhuru. Mwenye kuhesabu kwa haki atakubali kwamba serikali hiyo iliundwa kwa kanuni zilizokubaliwa. Atakubali pia kwamba kwa mtu wa Ng'ambo, ambaye mtaa wake wote ulipiga kura upande mmoja tangu 1957, kanuni hizo zilianza kufanana na ile kodi ya kiwanja: karatasi iliyoandikwa na mwingine, inayosema nyumba ni yako lakini hupo juu ya chako.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 silaha za polisi za Ziwani na Mtoni zilitekwa, na asubuhi makao ya Mapinduzi yalikuwa Raha Leo, ndani ya kituo kilekile kilichojengwa kuwafundisha watu uraia. Sauti ya John Okello, aliyewaongoza wapiganaji wa Mapinduzi, ilitoka katika mtambo wa redio uliokuwa hapo. Yaliyotendeka siku zile, mauaji ya watu wasio na hatia yakiwemo, yana makala yake na hayafai kupitiwa juujuu. Ninalotaka lionekane hapa ni jiografia. Kilichoshindwa kupatikana kwa kura zilizorundikana Ng'ambo kilichukuliwa kutokea Ng'ambo.

Tarehe 8 Machi 1964 Karume alitangaza kuwa ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya Serikali. Kwenye vitabu tangazo hilo husomwa pamoja na siasa za ujamaa na ugawaji wa eka tatu tatu za mashamba. Mitaani lilikuwa na maana nyingine ya karibu zaidi: kodi ya kiwanja ya tajiri ilikwisha. Waliogoma mwaka 1928 wakiwa vijana walikuwa sasa wazee wa miaka sitini, sabini, na wengine walikuwa hai kulisikia.

Karume kisha akaigeukia Ng'ambo yenyewe. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki zilijengwa nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani, halafu majumba marefu ya Michenzani, yaliyopasua mitaa ya zamani kwa barabara mbili pana zinazokutana katikati. Familia nyingi ziliondolewa katika nyumba zao za udongo, na si zote zilizorudi kukaa ghorofani. Mipango ilikuwa mikubwa kuliko kilichojengwa. Wapo wanaoyaona majumba yale kuwa heshima aliyopewa mnyonge, na wapo wanaokumbuka mtaa uliolala chini yake, na nimewasikia wote wawili wakisema kwa uchungu wa kweli. Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa Kisiwandui, makao makuu ya chama, akicheza bao na wenzake, ndani ya lile lile lililokuwa jimbo lake. Ali Muhsin alikuwa wakati huo kizuizini Tanzania Bara. Aliondoka mwaka 1974, akaishi ugenini, akaifasiri Qurani kwa Kiswahili, akaandika kumbukumbu zake, na kufariki Muscat mwaka 2006. Wagombea wawili wa Ng'ambo hawakukutana tena katika sanduku lolote.

Baada ya Mapinduzi hapakuwa na uchaguzi wa vyama vingi hadi 1995. Kwa miaka mingi wajumbe wa Zanzibar katika Bunge la Muungano waliteuliwa, na Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980. Majimbo yaliporudi, ardhi ya jimbo la 1957 ilikuwa imetawanyika katika majina mengine: Kikwajuni, Jang'ombe, Kwahani, Rahaleo. Hata Mji Mkongwe, jirani wa zamani, ulikuwa jimbo lenye jina lake katika zama hizi za vyama vingi hadi mgawanyo wa 2015 ulipoliweka eneo hilo chini ya jina la Malindi.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ng'ambo ilibaki nje ya mstari, mstari unaopita karibu kabisa na pale maji yalipopita. Watalii wanaonyeshwa milango ya kuchonga ya Shangani, na hakuna anayewavusha barabara kuwaonyesha mahali santuri za Siti zilipopata lugha yake, wala mtaa uliogoma. Mradi wa mipango miji ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, uliofanywa katikati ya muongo wa 2010, ulianza kurekebisha hilo kwa kuorodhesha majengo, baraza, viwanja vya michezo na kumbukumbu za wakaazi. Ningependa orodha hiyo iongezewe vituo vya kura vya tarehe 21 Julai 1957, kimoja kimoja, kabla nyumba za mwisho za udongo hazijabomolewa, na waulizwe kwanza akina mama wakongwe wa Miembeni na Mwembetanga, ambao walikuwa nje ya mlango wa kituo siku ile na waliona nani aliingia.